Uso Niliomficha Luteni

Jumatatu, 27 Septemba 1976. Kasubi.

Id imepita salama, nyama imekwisha, na mimi nina habari. Naandika mlango umefungwa, maana jirani yangu Séraphine ana macho marefu.

Luteni Kasim amempa binti yangu sabuni!

Sabuni ya kuogea. Nzima. Bado na karatasi yake. Mwaka huu ambapo hata mabibi wa wakubwa wanafua kwa majani ya mpapai! Mwanaume hatoi sabuni hivi hivi. Hiyo ni posa iliyofungwa kwenye karatasi. Kaltumi mwenyewe anasema si posa, Luteni aligawa sabuni kwa wapiga taipu wote pale ofisini kwao. Nikamuuliza, na wengine walipewa yenye harufu ya waridi? Akachukua ndoo, akaenda kuchota maji. Ndiyo hivyo. Mimi nimeishia darasa la nne, shule ya kambi ya Bombo, lakini mwalimu alisema kichwa changu ni chepesi kushika.

Na Kaltumi amenirithi. Anapiga taipu huku anatazama dirishani! Mtoto wa nani mwingine hapa Kasubi anaweza? Si Mbambu wa Séraphine. Mbambu huyo ameolewa na Kasereka, Mkongomani mwenzao mwenye lori, na tangu hapo hatupumui. Kasereka kaleta chumvi. Kasereka kaleta mafuta. Jana Séraphine aliniita juu ya ua, eti Mama Kaltumi, huyo wa kwako ataolewa na mashine ya taipu? Nikacheka. Kwa meno tu.

Sasa sikiliza, shajara yangu. Ijumaa Luteni anakwenda Magharibi kikazi, na njiani atapitia korongo la Kyambura kutazama sokwe. Alimwambia Kaltumi kwamba nafasi iko garini. Mtoto mjinga akakataa! Nimemwagiza kesho akaseme amekubali. Na kwamba mama yake anakuja pia.

Alhamisi, 30 Septemba.

Luteni amekubali. Kaltumi anasema kwanza alishangaa, akauliza mara mbili, mama yako? Vizuri. Ameanza kunifikiria.

Mume wangu Mzee Abudu ameshangaa pia. Aliuliza tangu lini mama mkwe akapanda gari moja na mkwe wake. Swali la haki. Mama yangu alikuwa Muganda, Mungu amrehemu, akanilea na mwiko wao wa obuko: mama mkwe hamgusi mkwe, hali naye, hamtazami usoni. Ukimgusa, mikono inatetemeka mpaka uzeeni. Baba yangu alikuwa Mnubi na askari wa bunduki, lakini obuko aliuogopa.

Ila hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Luteni hajaposa bado. Kwa hiyo gari moja naye, ruhusa. Lakini mimi nitamheshimu kama aliyekwisha posa! Nitamficha uso. Nitakataa mkono wake. Nitakula nimempa mgongo. Naye atajiuliza, huyu mama ananifanyia hivi kwa nini? Jibu litamjia lenyewe: kumbe mimi ni mkwe! Mwanaume akishajiona mkwe, kuposa ni kumalizia tu.

Mzee Abudu akasema Luteni ni mtu wa mbali, kwao hawana mambo hayo, na siku hizi ukimficha mwanajeshi uso, yeye hafikirii harusi. Sikuelewa anataka kusema nini. Anatengeneza redio za watu huyu, kichwa chake kimejaa nyaya.

Nimejaza kikapu buni mbichi. Mkwe lazima apewe gahwa, kahawa yetu Wanubi, unaikaanga mbele yake palepale, unaitwanga na tangawizi. Buni za kiganja kimoja zingetosha. Nimejaza kikapu, nisionekane nabana. Juu nimefunika kwa kisra, ile mikate yetu myembamba. Séraphine akachungulia, akauliza nafungua duka? Nikamjibu nasafiri na mkwe wangu, Luteni.

Basi. Imetoka. Mpaka jioni soko zima litajua. Sasa ni lazima iwe kweli, la sivyo nitahama Kasubi.

Ijumaa, 1 Oktoba. Mbarara.

Peugeot nyeupe! Imesimama mbele ya mlango wetu kwa muda mrefu wa kutosha. Dereva ni Kamis, Mnubi mwenzetu, kijana mpole anayetabasamu hata kwa mbuzi.

Luteni alishuka anisalimie, akanyoosha mkono. Nikavuta leso mpaka kidevuni, nikageuka, nikaingia garini kinyumenyume, makalio kwanza. Mwanzo mzuri sana.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari alipiga saluti, akanichungulia mle ndani ya leso, akauliza huyu ni nani. Luteni akajibu kwamba hata yeye angependa kujua. Angependa kujua! Nilimfinya Kaltumi kwa furaha, akapiga kelele.

Masaka walikula hotelini. Mimi nilikula nyuma ya gari, nimechuchumaa. Nilipoinua macho Luteni alikuwa dirishani ananitazama mimi, chakula chake kinapoa.

Halafu maswali yakaanza. Nilijibu yote, ila sikumjibu yeye. Niliongea na kioo. Naishi wapi? Kasubi. Mume wangu kazi gani? Redio. Nina ndugu Zaire? Swali la ukoo hilo! Mkwe gani asiyeuliza ukoo? Nikakiambia kioo kwamba Wakongomani tunaishi nao mlango kwa mlango, na wengine wana malori. Luteni akakohoa. Akauliza kikapu kina nini, mbona kizito. Nikasema ni siri, ataiona tukifika korongoni.

Kaltumi akaninong'oneza kwa Kinubi kwamba Mama, nyamaza, anakudhania mtu wa magendo, wale wanaovusha kahawa kwenda Zaire. Nikamwambia wachumba wote huwa na wasiwasi mbele ya mama mkwe. Kamis akacheka, akajifanya amemeza mdudu.

Tumelala kwa binamu ya Mzee Abudu. Luteni amelala kambini. Nimemwambia binamu kila kitu, na wake zake wote wawili.

Jumamosi, 2 Oktoba.

Mwili wote unauma mpaka kucha. Lakini niandike, maana siku hii itasimuliwa harusini.

Korongo ni nini? Sikuwa nimeuliza. Nilidhani ni mto wenye viti. Banange! Unakwenda nyasi, nyasi, swala, nyasi, halafu nchi imepasuka! Ukichungulia unaona miti, miti mirefu kweli, nawe unaitazama utosini. Mungu ameumba msitu akauficha shimoni. Kwa nini? Bado sijaelewa.

Mlinzi wa mbuga anaitwa Tarcisio, mtu mwembamba mwenye bunduki ya zamani. Akatupa masharti. Tusipige kelele, tusiachane, tusisogelee njia ya viboko. Akatazama viatu vyangu vya Id, vya kisigino, akaniuliza kwa upole kama ningependa kubaki na gari. Nikamjibu nimezaa watoto sita. Hakuuliza tena.

Mpango ulikuwa hivi: mimi mbele na Tarcisio, Kaltumi na Luteni katikati wakizungumza, Kamis nyuma kabisa. Lakini Luteni hakukaa na Kaltumi! Alinifuata mimi. Nikipunguza mwendo, anapunguza. Nikiharakisha, anaharakisha. Na njia yenyewe si njia. Udongo wa mvua, mizizi, mteremko wa kukutupa mbinguni. Mkono mmoja leso, mkono mmoja kikapu, na wa kushikia mti uko wapi? Korongoni mama mkwe anahitaji mikono mitatu.

Kwenye kona moja Luteni akanipita, akageuka. Uso kwa uso! Nikaruka kichakani. Tarcisio akaniita kwa sauti ya chini kwamba huko ndiko kwa viboko. Nikarudi upesi kuliko nilivyokwenda, ila kinyumenyume. Luteni akauliza nakimbilia wapi. Nikauambia mti: mbele.

Huko chini kuna giza la kijani na joto la jikoni. Ghafla juu ya miti watu wakaanza kugombana, matusi, mayowe, nikadhani walevi. Kumbe ndio sokwe wenyewe. Wote tukatazama juu, isipokuwa Luteni. Mtu amesafiri kutoka Kampala kutazama sokwe, na anatazama kikapu changu! Nilichanganyikiwa. Ni mapenzi au ni njaa?

Tukafika mtoni. Daraja ni gogo lililoanguka, basi. Luteni akavuka, akageuka, akaninyooshea mkono. Nifanye nini sasa? Nikimshika, obuko. Nikikataa, naogelea. Nikalikalia gogo kama punda, nikampa mgongo, leso usoni, kikapu mapajani, nikasogea kinyumenyume kwa makalio, kidogo kidogo. Kiatu kimoja kikaanguka, kikaenda zake na maji. Tarcisio akasema tangu aanze kazi hajaona binadamu akivuka hivyo. Nikamshukuru.

Kaltumi akakataa kuvuka. Alikaa juu ya jiwe. Nikampigia Kamis kelele kutoka ng'ambo: kaa hapo na dada yako, mpe ile kisra niliyokuachia, mchekeshe, asichoke! Nilitaka awe na uso wa furaha Luteni atakaporudi.

Ng'ambo, Luteni akamuuliza Tarcisio mbele kuna nini. Mbele kuna ziwa, baada ya ziwa ni Zaire. Luteni akaweka mkono kiunoni, penye bastola. Labda kwao ndivyo wanavyowaheshimu wakwe. Nikaona saa imefika. Nikauambia mti kwamba sasa nafungua kikapu. Mguu wenye kiatu ukateleza! Kikapu kikapinduka, kisra huku, buni kule, zimetapakaa mpaka kwenye matope.

Na hapo ndipo nilipoona moyo wa mtu. Luteni alipiga magoti. Afisa mzima, suruali imepigwa pasi, anaokota buni moja moja na kuziweka kwenye kitambaa chake! Machozi yalinitoka. Akaniuliza kwa sauti kavu, Mama, mali hii ni ya nani? Nikauambia mti: ni yako, mwanangu, yote ni yako. Akauliza kama nataka kumhonga. Nikasema wala, ndiyo desturi yetu, kila mkubwa anayetukubali tunampa. Akavuta pumzi. Akauliza wakubwa gani wengine? Nikaona haya. Mtu hajaoa anauliza habari za shemeji zake!

Tarcisio akasema mvua inakuja, turudi. Kuvuka tena sitaandika.

Katika kupanda nikazama kwenye matope mpaka magotini, mguu mmoja pekupeku, siendi mbele, sirudi nyuma. Luteni akaja kunivuta. Nikapiga yowe: usiniguse, ukinigusa tumeharibikiwa wote! Akaruka nyuma, akatazama vichaka pande zote kama anayetafuta wenzangu. Ndipo Kamis akatokea kutoka nyuma, hakuuliza kitu, akainama, akanibeba mgongoni. Mimi si mwepesi. Alinipandisha mpaka juu, anahema kama injini, ananuka petroli, na bado anatabasamu. Kamis si mkwe wa mtu, ni dereva. Mgongo wake hauna mwiko.

Juu, Luteni akachukua kikapu changu na kitambaa cha buni, akasema anabaki navyo. Zawadi imepokelewa! Akaniomba jina langu kamili, jina la mume wangu, na nyumba yetu iko upande gani wa barabara. Akayaandika yote.

Anakuja kuposa!

Jumapili, 3 Oktoba.

Kamis ameturudisha Kasubi. Luteni amebaki na kazi yake. Njia nzima Kaltumi alikaa mbele, eti nyuma anapata kichefuchefu. Walikuwa wakicheka. Nilifurahi kuona ana raha ya kuwa mchumba wa mtu.

Jumatano, 6 Oktoba.

Wamekuja! Si wazee, vijana wawili. Miwani myeusi, mashati ya maua, viatu vya soli nene. Watu wa maana. Wamekuja kukagua nyumba ya bibi harusi.

Mzee Abudu alikaa kitini, mikono juu ya magoti, kama anayepigwa picha. Hakusaidia chochote. Kila kitu nilifanya mimi. Wakainua godoro. Nikawainulia na la pili. Wakagonga ukuta, nikawaambia ni matofali ya kuchoma, wagonge na huku. Wakafungua sanduku langu, nikawaonyesha gurbaba za harusi yangu, zile nguo zetu za kujifunga kiunoni, moja moja. Wakauliza kahawa nyingine iko wapi. Iko jikoni! Nikawakaangia, nikatwanga, wakakaa wanatazamana. Mmoja alikunywa vikombe vitatu. Séraphine alikuwa amefunga mlango na madirisha yote, wivu tu.

Wakamuuliza Mzee Abudu anaongea na nani kwenye redio hizi. Akasema ni mbovu, ni za wateja. Wakazichukua zote. Wakamchukua na yeye pia, wakasema akazungumze kidogo. Mambo ya mahari hayo, wanaume huyapanga wenyewe. Niliwapungia mkono mpaka kona.

Giza limeingia na hajarudi. Mahari gani yanazungumzwa hivi? Kaltumi ametoka mbio kwenda kumtafuta Kamis. Hakusema kwa nini. Chai yake Mzee nimeifunika kwa sahani. Imepoa, nimeipasha. Imepoa tena.

Alhamisi, 7 Oktoba.

Amerudi. Kamis alimleta amemshika mkono, na redio zote nyuma ya gari. Shati lake Mzee lina vumbi. Nilimpa chakula, hakula. Alinishika mkono mpaka uji ukaungua jikoni na mimi sikuinuka.

Baadaye akaeleza. Sijaelewa vizuri. Anasema Luteni alinidhania mkubwa wa magendo. Kamis alikwenda kwa Luteni mwenyewe, aliyekuwa amekwisha rudi Kampala, akamweleza obuko, kwamba huyu mama hajifichi, anakuheshimu, anataka umwoe binti yake. Luteni alicheka mpaka akapiga meza. Halafu akaacha kucheka, akasema ana wake watatu tayari na hawezi kuongeza mama mkwe wa namna hii. Akatoa amri Mzee aachiwe. Jana hiyohiyo aliomba kuhamishiwa Moroto.

Moroto! Kule kwenye ng'ombe na upepo! Mzee Abudu anasema amenikimbia mimi. Hapana. Wanaume hukataa kwanza. Anakwenda kutafuta ng'ombe wa mahari.

Jumamosi, 9 Oktoba. Sikukuu ya Uhuru.

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi wazee wanne, kanzu nyeupe, wamepanga viatu mlangoni. Mkubwa wao akaanza kwa salamu ndefu. Akasema wametumwa na kijana wao, yule aliyekuwa nasi korongoni. Kijana amemwona binti, ameona na heshima ya mama, anaomba nyumba hii. Sikungoja! Nilipiga vigelegele mpaka Séraphine akatoka na mwiko mkononi. Nikamwambia juu ya ua: sikia hiyo! Mzee Abudu upesi upesi akawapa wazee mkono, imekwisha.

Ndipo mzee akasema Kamis atafurahi sana.

Kamis?

Kamis! Nikamtazama Mzee Abudu, anatazama dari. Nikamtafuta Kaltumi, yuko nyuma ya mlango anacheka na kulia pamoja. Nikamkokota jikoni. Akasema Mama, wakati wewe unamkimbia Luteni huko bondeni sisi tulikula kisra yote, na si wewe uliyemwambia anichekeshe? Akasema Kamis ndiye aliyemrudisha Baba. Nilimwambia avae gauni la maana.

Halafu nikakumbuka mgongo! Kamis alinibeba! Nilimkumbatia shingo mkwe wangu mwenyewe korongo zima! Nikatoka nikasema posa haiwezekani, mimi na huyu tumekwisha gusana. Wazee wakashikwa na butwaa. Mmoja akakohoa, akaomba maelezo. Ikabidi aitwe shangazi yake Kaltumi, Zaituni, ambaye ndiye senga wa ukoo, mwamuzi wa mambo yote ya ndoa. Akafikiri, akanywa gahwa, akafikiri tena. Akaamua kwamba siku ile aliyenibeba alikuwa dereva. Mkwe amezaliwa leo. Lakini kuanzia leo nikimgusa, shauri yangu.

Mikono yangu nimeitazama. Haitetemeki. Kidogo tu, kwa furaha.

Jumanne, 12 Oktoba.

Nimemweleza Séraphine kwamba Kamis ndiye niliyemtaka tangu mwanzo, na Luteni nilimtumia kama chambo. Kamis anaendesha Peugeot kwa mkono mmoja! Mkwe wake Kasereka anaweza? Séraphine akasema Peugeot ni ya serikali. Mtu akiumwa na wivu huongea chochote.

Kwa kweli nimejionea njia yangu inafanya kazi. Nilificha uso, mkwe akapatikana. Ilikosea mtu tu.

Na sasa hivi, habari! Kwenye ile nyumba kubwa ya kona amehamia Meja. Hana mke ndani, nimeuliza. Na mtoto wangu wa pili, Nusura, ni muuguzi, ana miaka ishirini na mbili na anachoma sindano huwezi hata kujua umechomwa. Asubuhi nilikuwa narudi na mzigo wa unga kichwani. Gari la Meja likaja. Nikavuta leso, nikajitupa kwenye migomba na mzigo wangu, nikatulia.

Amesimamisha gari! Amenichungulia! Ametuma watu wawili waulizie nyumba yangu.

Wanagonga mlango wakati huu naandika. Mzee Abudu amepitia dirishani na redio ya mteja kwapani, sijui ana haraka gani. Maji ya gahwa yako motoni. Huyu ni Meja, si Luteni, kwa hiyo nimejifunika leso mbili.